Kazi Haisubiri, Kiuno Kinauma: namna ya kuishi na maumivu sugu bila kujiongezea majeraha

Nimekaanga vitumbua barazani kwetu Makorora, hapa Tanga mjini, kwa miaka kumi na minne. Katika hiyo, miaka tisa nimekuwa na kiuno kinachouma. Mitatu ya mwanzo niliipoteza bure. Siku nikiamka nafuu, nilifanya kazi zote zilizolala: kufua, kukuna nazi, kuteka maji, kufagia uwanja mzima. Kesho yake siinuki. Nalala siku nne, tano, nguvu zinaisha miguuni, kisha nikipata nafuu narudia yale yale. Sikuona kwamba siku nzuri ndiyo iliyokuwa ikinizalia siku mbaya.

Mwongozo huu nimeuandika kwa mwenye maumivu ya zaidi ya miezi mitatu, yaani yale ambayo madaktari huyaita sugu, na ambaye hana nafasi ya kuacha kazi ili apumzike. Nimezungumzia zaidi kiuno na magoti, kwa kuwa ndiyo malalamiko ninayoyasikia kila siku kwa wanunuzi wangu.

1. Kwanza ondoa hofu ya ugonjwa mkubwa

Maumivu mengi ya kiuno hayana ugonjwa wa hatari nyuma yake. Ila machache yanao, na hayo hayangoji mazoezi wala dawa ya kuchua. Nenda hospitali siku hiyo hiyo ukiona moja ya haya:

- mkojo au haja kubwa inakutoka bila kujua, au mkojo unagoma kutoka;
- ganzi sehemu za siri na mapajani kwa ndani, pale unapokalia tandiko la baiskeli;
- mguu unalegea au unaburuta, na unazidi siku hadi siku;
- maumivu yameanza baada ya kuanguka au ajali, hasa kwa mtu mzima wa umri mkubwa.

Yapo mengine ambayo si ya saa hiyo, lakini usiyapitishe wiki. Homa za jioni, jasho la usiku, kupungua uzito bila sababu, na maumivu yanayouma vile vile hata ukiwa umelala. Kifua kikuu hakikai kifuani tu, kinaingia hata kwenye uti wa mgongo, na kinatibika kikigunduliwa mapema. Mtu aliyewahi kutibiwa saratani naye asikae na maumivu mapya ya mgongo nyumbani. Anza kituo cha afya kilicho karibu nawe. Wakiona haja watakuandikia rufaa kwenda hospitali ya mkoa, Bombo, na ukifika huko uliza kuhusu fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo, usitoke na vidonge peke yake.

Ukipigwa picha ukaambiwa "pingili zimesagika", usikate tamaa. Watu wengi waliovuka miaka 50, ambao hawana maumivu yoyote, wakipigwa picha huonekana na mabadiliko hayo hayo. Ni kama mvi za mgongo. Mimi maneno hayo ya "kusagika" yalinifanya niogope kuinama kwa mwaka mzima, na uoga ule uliniumiza kuliko pingili zenyewe.

2. Elewa kwa nini bado panauma

Wazee wetu walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo, ule wa kusukia mikeka, hushtuka. Sijapata maelezo mazuri ya maumivu sugu kuliko hayo. Siku ya kwanza ulipoumia kulikuwa na nyoka kweli: msuli ulichanika kidogo, au kiungo kilitenguka. Nyama nyingi za mwili hupona ndani ya wiki kadhaa. Lakini mishipa ya fahamu na ubongo vimeshajifunza kushtuka, na sasa vinapiga kelele kwa kitu kidogo: kuinama kuchukua kijiko, kukaa kwenye daladala, usiku mmoja wa kukosa usingizi.

Maumivu hayo ni ya kweli, hayamo kichwani kama watu wanavyosema kwa dharau. Ila kuuma si lazima kuwe ni kuharibika. Ukilielewa hili, utajua kwa nini kulala hakuponyi: mtu aliyeshtuka na ung'ongo hafundishwi kwa kumficha ung'ongo. Anaonyeshwa kidogo kidogo, mpaka aushike mwenyewe asuke mkeka. Wala hafungiwi nao chumbani kwa nguvu. Yaliyobaki yote katika mwongozo huu yanatoka hapo.

3. Pima kazi zako

Hii ndiyo hatua iliyonibadilishia maisha, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Chukua daftari la mwanafunzi. Kwa wiki moja, usibadilishe chochote, andika tu: kazi gani, umeifanya dakika ngapi kabla maumivu hayajapanda, na kesho yake asubuhi uliamkaje. Tumia alama kutoka 0, hakuna maumivu, hadi 10, maumivu yasiyovumilika. Kama kuandika ni tabu, chora vijiti.

Mwisho wa wiki utaona kiwango chako kwa kila kazi. Mimi niligundua kwamba kukaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi naweza dakika kumi na mbili hivi. Ya kumi na tatu ndiyo inayoniua. Kusimama kwenye jiko, nusu saa. Kufua nimeinama, dakika nane tu, na mimi nilikuwa nafua saa nzima.

Sasa punguza kidogo. Kama kiwango ni dakika kumi na mbili, fanya tisa, kisha inuka. Inuka kabla ya maumivu. Hapo ndipo wengi wanaposhindwa, kwa sababu tumelelewa kumaliza kazi tuliyoianza na kuacha nazi nusu kunaonekana uvivu. Weka kengele ya simu. Ikilia, nyanyuka hata kama imebaki nazi robo, tembea uwanjani, fanya kazi ya mkao mwingine. Dakika tano baadaye rudi.

Kanuni ngumu zaidi ni ya siku nzuri: siku unayojisikia mzima, fanya kiasi kile kile. Usilipe madeni ya kazi siku hiyo. Na siku mbaya, fanya sehemu ya kiasi hicho, hata nusu, usiache kabisa. Baada ya wiki mbili mambo yakitulia, ongeza dakika moja au mbili. Mimi sasa hivi nipo dakika ishirini kwenye mbuzi, na imenichukua karibu mwaka.

4. Inua kazi ikufuate, usiifuate chini

Ukitazama nyumba zetu, karibu kila kazi iko chini. Jiko chini, beseni chini, mbuzi chini, fagio la chelewa fupi. Mtu mzima anashinda amejikunja tangu alfajiri. Kuinama chenyewe si dhambi, mgongo umeumbwa uiname. Tatizo ni kuinama saa nyingi bila kubadili mkao.

*Jiko.* Mume wangu alinijengea kizimba cha matofali, juu yake nikaweka jiko la mkaa. Kimo kizuri: ukisimama wima na mkono ukining'inia, mdomo wa sufuria ufikie karibu na kiwiko au chini yake kidogo, uweze kukoroga bila kuinua mabega. Kizimba kiwe kipana kuliko jiko kwa shubiri pande zote, kiegemee ukuta, na pasiwe na pazia karibu. Usiweke jiko juu ya stuli au meza inayotingishika. Mishikio ya sufuria na karai ielekee ukutani, mtoto asiifikie.

*Kufua.* Beseni juu ya benchi au juu ya ndoo mbili zilizopinduliwa na ubao katikati. Nguo nzito kama mashuka na jinzi zisifuliwe siku moja na nguo nyingine. Kukamua shuka peke yako kunapindua kiuno. Mwite mtu ashike upande wa pili, au lining'inize kwenye kamba lichuruzike lenyewe.

*Fagio.* Funga chelewa kwenye mpini mrefu wa mti. Ni kazi ya dakika kumi na utashangaa kwa nini hukufanya zamani.

*Mbuzi.* Weka mto mdogo au kanga iliyokunjwa mara nne uinue makalio, na uegemee ukuta. Kila baada ya nazi mbili, simama.

*Maji.* Ndoo ya lita 20 ikijaa ina kilo ishirini za maji, ndoo yenyewe bado. Beba mbili za lita kumi, mkono huu na huu. Unapoinua, isogelee ndoo mpaka iguse mwili wako, kunja magoti na nyonga, inuka nayo karibu na tumbo. Ukitaka kugeuka, geuza miguu. Usisokote kiuno huku umebeba. Anayebeba kichwani atumie ngata nene, na asaidiwe kutwisha na kutua. Kutwisha peke yako ndiko kunakotegua watu, kuliko hata safari yenyewe.

*Baiskeli.* Tanga ni mji wa baiskeli, na nusu ya watu wanaolalamika magoti nikiwatazama wamepanda kiti kikiwa chini mno, magoti yanakaribia kidevu. Kaa kitini, weka kisigino kwenye pedali iliyoshuka chini kabisa: mguu unyooke bila nyonga kuinama upande. Ukikanyaga kwa wayo wa mbele kama kawaida, goti litabaki limekunjika kidogo tu, na hivyo ndivyo linavyotaka. Kuinua kiti ni spana na dakika mbili.

Kwa magoti, niseme pia habari ya ibada. Wapo wazee wanaolia kwa maumivu kila wakisujudu na kukaa tahiyatu, wanaona haya kuswali kwenye kiti. Dini imetoa nafasi kwa asiyeweza. Muulize imamu wa msikiti wako akuelekeze.

5. Fanya mazoezi, hata kama kazi yako ni ya nguvu

Najua utasema: mimi nashinda nabeba, mazoezi ya nini? Kazi hutumia misuli ile ile kwa namna ile ile. Mazoezi huamsha iliyolala na kufundisha mishipa kwamba kusogea ni salama.

Anza na kutembea. Mimi hutoka baada ya swala ya Alfajiri siku ambazo sikaangi, naelekea Raskazone kufuata upepo wa bahari. Nilianza na dakika kumi kwenda na kurudi. Ongeza dakika moja au mbili kila wiki. Nina jirani, babu aliyekata mkonge ujana wake wote, amejikunja mgongo kama mundu, lakini asubuhi hukosi kumwona njiani na bakora yake. Alipoacha mwezi mmoja kwa mafua, alirudi akiwa hawezi kufika hata dukani.

Kisha haya matatu, mara moja kwa siku, juu ya mkeka:

1. Lala chali, kunja magoti, nyayo chini. Inua nyonga polepole, hesabu hadi tano, shusha. Mara nane.
2. Piga magoti na viganja chini. Tunisha mgongo kama paka aliyekasirika, kisha uache ubonyee taratibu. Mara kumi.
3. Kaa kwenye kiti kigumu kilichoegemezwa ukutani, inuka bila kushika popote, kaa tena polepole. Anza na mara tano. Hili ndilo la magoti, na ndilo linalomzuia mzee asianguke.

Utajuaje kama umezidisha? Maumivu yakipanda kidogo wakati wa zoezi, hadi kama 4 katika ile hesabu ya 10, na yakarudi kawaida kesho asubuhi, uko sawa. Yakiwa bado juu kesho yake, punguza idadi, usiache.

6. Dawa: kidogo na kwa akili

Parasetamoli kwa mtu mzima: vidonge viwili vya miligramu 500 kwa wakati mmoja, angalau saa nne kati ya dozi na dozi, na visizidi vinane kwa saa 24. Zaidi ya hapo unaharibu ini. Mwenye ugonjwa wa ini, mwenye mwili mdogo sana na mnywaji wa pombe wamwulize mfamasia kwanza.

Diklofenaki na aibuprofeni ni nzuri kwa siku chache, baada ya chakula. Si za kumeza kila asubuhi mwaka mzima kama chai. Zinatoboa tumbo, zinachosha figo, zinapandisha presha. Mwenye vidonda vya tumbo, figo mbovu, moyo au presha, na mjamzito, asizimeze bila daktari. Angalia pia maandishi ya pakiti: kuna vidonge vya diklofenaki ambavyo ndani yake tayari mna parasetamoli, na watu huongeza parasetamoli nyingine juu yake bila kujua.

Tramado, ile dawa kali ya maumivu, usinunue kwa mtu. Inazoesha, na kuitoka ni kazi. Zile dawa za kienyeji zinazouzwa kwenye chupa na "kuponya" viungo vyote kwa siku mbili, ziogope. Dawa ya kupooza uvimbe kwa kasi hivyo mara nyingi ina steroidi ndani, na ukiinywa miezi mingi uso unavimba, sukari inapanda, mifupa inadhoofika. Kama umeshaitumia muda mrefu, usiikate ghafla, mwone daktari.

Daktari akikuandikia amitriptilini kidogo usiku, dawa ambayo hutumika pia kwa sonona, usidhani amekuona mgonjwa wa akili. Dozi ndogo hutuliza mishipa ya fahamu.

Mkanda wa kiuno? Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kwanza kuhusu maumivu sugu ya kiuno, na mikanda haikushauriwa, wala kuvutwa mgongo kwa mashine. Walichokishauri ni elimu, mazoezi, na tiba kama kuchuliwa. Kwa hiyo bibi anayekuchua kwa mafuta ya nazi yuko njia nzuri, mradi asikukanyage mgongo na asivunje pingili. Chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa kanga, dakika kumi na tano mpaka ishirini, inasaidia pia. Usilale nayo. Mwenye kisukari aliyekufa ganzi miguuni asiiweke miguuni, ataungua asijue.

7. Usingizi, na siku ya kuzidiwa

Lala ubavu, mto katikati ya magoti. Au chali, mto chini ya magoti. Godoro lililobonyea katikati ligeuze, au weka ubao chini yake. Usiku mmoja mbaya huongeza maumivu ya kesho, kwa hiyo simu izimwe mapema.

Siku ya kuzidiwa itakuja, hata ukifuata yote. Andaa karatasi kabla, uibandike mlangoni, maana siku hiyo akili haifanyi kazi. Yangu inasema: maji ya moto, parasetamoli kwa siku mbili, kutembea uwanjani dakika tano kila saa, zoezi la paka, vitumbua nusu ya unga, hakuna kufua. Siku tatu, kisha narudi kazini taratibu.

8. Majeraha madogo yanayokuja bila hodi

Mwenye maumivu huanguka kirahisi, na akianguka hupona polepole. Bafuni sugua utelezi wa sabuni kila wiki, na kandambili zilizolika soli zitupwe, hata kama kamba bado nzima. Usiku taa ndogo njiani kwenda chooni. Ukishuka bodaboda, shukia upande usio na ekzosi.

Kuungua: maji ya bomba ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Vua pete na bangili mapema kabla ya kuvimba. Usipake dawa ya meno, yai wala mafuta.

Kifundo kikiteguka: usichue siku hiyo. Kiinue, kifunge kitambaa, weka kitu cha baridi juu ya nguo. Ukishindwa kukanyaga hatua nne, nenda ukapigwe picha kabla ya kwenda kwa mtu yeyote wa kunyoosha.

Msumari au mwiba wenye udongo: osha kwa maji mengi na sabuni, kisha nenda kituo cha afya ukaulize chanjo ya pepopunda, hata kama tundu ni dogo.

9. Waambie wa nyumbani, na uwaambie kazi kwa jina

Maumivu hayaonekani. Hujafungwa bandeji, hutoki damu, na shemeji atasema unadeka. Nilipokuwa nikisema "nisaidieni jamani", hakuna aliyejua asaidie nini, na mimi nilinuna. Siku niliyoanza kusema kazi yenyewe na saa yake, walikubali wote. Mume ndiye anayetwisha na kutua. Binti yangu anakamua mashuka Jumamosi. Mtoto wa dada yangu hujaza mapipa mawili kila jioni kabla ya Magharibi, na mimi namwekea vitumbua vyake vinne chini ya kawa.